Kerneli ikipanda, draiva inabaki nyuma: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya Linux

Mdogo wangu, siku moja utaitwa mahali uambiwe, "Kompyuta hizi hazishiki Wi-Fi tangu juzi." Uliza juzi kulifanyika nini. Mara nyingi jibu ni kwamba mfumo ulisasishwa. Kadi ni nzima. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, imepanda toleo, na draiva (programu inayoendesha kadi) iliyojengwa kwa mkono imebaki kwenye kerneli ya zamani.

Niliitwa hivyo kwenye maabara ya shule moja, mashine kumi na mbili zenye adapta ndogo za USB. Nikajenga draiva kwenye mashine ya kwanza, ikakubali, nikaona nisirudie kazi: nikanakili faili la .ko (moduli, yaani draiva iliyokwisha kujengwa) kwenye flashi na kulipeleka kwenye nyingine. Zote zikanijibu "Invalid module format". Nilipoteza mchana mzima kabla sijafungua dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Kila moduli hubeba mhuri uitwao vermagic, unaotaja toleo la kerneli iliyojengewa. Andika modinfo na jina la moduli, kisha uname -r, inayotaja kerneli inayotumika sasa, ulinganishe. Mashine zile zilikuwa na kerneli tofauti na ile ya kwanza. Siku hizi uname -r ndiyo amri yangu ya kwanza kabla hata sijavuta kiti.

Utajiuliza kwa nini programu ya kawaida ya miaka kumi iliyopita bado inafanya kazi na draiva ya mwaka jana haifanyi. Wajenzi wa Linux hulinda sana kile ambacho programu za mtumiaji hukitegemea, lakini ndani ya kerneli hawaahidi lolote. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli, alilieleza hilo waziwazi kwenye nyaraka za kerneli yenyewe. Kwenye toleo la 4.15 kazi (function) ya setup_timer iliondoka, ikabaki timer_setup. Kwenye 5.0 access_ok ilipunguziwa hoja, yaani vitu inavyopewa, kutoka tatu hadi mbili. Kwenye 5.6 proc_create ilianza kudai muundo uitwao proc_ops. Kwenye 6.4 class_create ikabaki na hoja moja. Ukiona kompaila, programu inayojenga msimbo, inalalamika kwamba hoja zimezidi, usidhani umekosea kuandika. Msimbo ulioletewa ni wa zama nyingine.

Ujenzi ukishindwa, panda juu hadi kosa la kwanza. Yale mia yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. Likisema saraka ya /lib/modules/…/build haipo, huna heda, yaani faili za kerneli zinazohitajika kujengea draiva. Sakinisha linux-headers za toleo lile lile la uname -r. Na ikiwa Wi-Fi ndiyo iliyokufa, utazipataje? Unganisha simu kwa waya wa USB na ushiriki bando lako. Mimi waya huo siuachi nyumbani.

Kompaila nayo ina mambo yake. Ubuntu 22.04 huja na kompaila ya gcc 11, lakini kerneli yake mpya zaidi ya HWE, ya 6.5, ilijengwa kwa gcc-12. Kosa likitaja -ftrivial-auto-var-init=zero, sakinisha gcc-12 kabla hujagusa msimbo.

Ukilazimika kuurekebisha msimbo, utakutana na LINUX_VERSION_CODE, inayochagua mistari kulingana na toleo. Ni njia nzuri, ila usiiamini kupita kiasi. Kerneli ya RHEL 8 (Linux ya Red Hat) inajitambulisha kuwa 4.18, kumbe imeingiziwa mengi kutoka matoleo ya baadaye. Fungua heda yenyewe uone kazi (function) unayoiita inapokea nini.

Kazi ikikubali, usiishie kwenye make install. Tumia DKMS, zana iliyoanzia Dell: weka msimbo kwenye /usr/src pamoja na dkms.conf, na kila kerneli mpya itakapoingia moduli itajengwa upya yenyewe. Wengi hukwama hapa kwa sababu walisakinisha heda za kerneli ya leo peke yake. Kwenye Ubuntu sakinisha kifurushi kinachoendana na kerneli yako, kama linux-headers-generic, ili heda mpya zije pamoja na kerneli mpya. DKMS ikishindwa, soma make.log ndani ya /var/lib/dkms.

Secure Boot, ulinzi unaokagua saini mashine inapowaka, ikiwa imewashwa, moduli isiyo na saini inayotambuliwa itakataliwa. Ufunguo wa kutia saini hiyo unaandikishwa kwa mokutil --import, kisha unathibitishwa kwenye skrini ya mashine inapowaka upya, kwa nenosiri ulilochagua. Kwa hiyo usiianze kazi hiyo kwa mbali kama hakuna mtu mbele ya mashine.

Na kabla ya yote hayo, angalia kama draiva tayari imo ndani ya kerneli mpya. Chipu za Wi-Fi za RTL8812AU, zilizotusumbua miaka mingi kwa misimbo ya pembeni, ziliingia rasmi kwenye 6.13.

Pale shuleni nilijenga upya kwenye kila mashine kwa DKMS, nikaacha kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine inapowaka, na nikamwonyesha mwalimu wa maabara namna ya kuichagua. Kisha nikaziwasha upya zote kumi na mbili mbele yake, nikasubiri hadi ya mwisho ishike mtandao.