Kabla Hujanunua Swichi za Kichwa, Pekua Kwanza Kiti Chenyewe

Juzi mama mmoja wa Morogoro aliniandikia. Mwanawe mikono haishiki, wamepata kiti mwendo cha umeme cha msaada, na ameona mtandaoni swichi za kichwa, yaani pedi za kuendeshea kiti kwa kuzigusa na kichwa, za mtumba kwa bei poa. "Ninunue, kaka?" Nikamjibu kwa neno moja: usinunue. Baadaye nikaona nimemkatili, ndiyo maana naandika.

Mimi nilivunjika shingo kwenye bodaboda, nikiwa abiria. Mkono wa kulia ulibaki na nguvu ya kusukuma joistiki, kile kijiti cha kuendeshea kiti cha umeme, asubuhi tu; ikifika saa nane mchana unateleza kama umepakwa sabuni. Ndugu wakachanga kwenye grupu la WhatsApp, milioni moja na laki nane, nikaagiza pedi tatu za kichwa kutoka kwa muuzaji wa nje. Moja inakaa kisogoni, mbili pembeni mwa kichwa. Ya kisogoni ndiyo inayokupeleka mbele, za pembeni zinakata kona. Nilimuuliza muuzaji kama zitaingia kwenye kiti changu. Akasema zinaingia kwenye chochote. Jibu lile bado linanikereketa.

Mzigo ukafika. Plagi ina pini 9, na kiti changu hakina tundu la kuichomeka. Vile viti vya kawaida akili yake yote imefungwa kwenye kiboksi cha joistiki, havipokei mgeni. Fundi wangu wa Kariakoo, bingwa wa simu na redio, akashauri tukate waya za joistiki tuunganishe humo humo. Nilikubali mwenyewe, simlaumu. Akawasha. Taa saba zikamemeta, zikatulia, zikamemeta tena saba. Kiti kilikuwa kimeshagundua joistiki yake ina hitilafu, kikagoma. Na heri kiligoma! Joistiki inapeleka volti inayopanda na kushuka kadiri unavyoisukuma; pedi zangu zilijua kuwaka na kuzima tu. Kingekubali, leo mngenisoma nikiwa mtaroni.

Miezi minane iliyofuata nilisukumwa na watu. Tuiache.

Kiti cha pili kilikuja na mfumo unaopanuka: joistiki pembeni, ubongo wa mota chini, na kiboksi chenye kioo na matundu ya kuongezea vitu. Pedi zikaingia kwa nusu dakika. Hazikufanya kazi. Kiboksi kilikuwa kimepangwa kusubiri joistiki kwenye tundu lile, ikabidi aje mtaalamu mwenye kompyuta na kifaa cha wauzaji cha kufungulia programu, akiambie kwamba sasa kuna swichi. Kikagoma tena. Safari hii kilitaka swichi ya kusimamisha kwa dharura, ile inayochomekwa kwa jeki ndogo kama ya spika za masikioni. Swichi yenyewe ni kitufe chekundu kama kifuniko cha soda, tukakifunga karibu na kiwiko cha kushoto. Siku hiyo nilitoka getini peke yangu, nikaenda dukani kununua vocha ambayo sikuihitaji.

Ndugu zangu, tuache pupa. Tunachangishana harusi mwaka mzima kwa vikao, lakini kifaa cha kumwendesha mtu barabarani tunakinunua kwa picha moja ya simu. Pekua kiti kwanza. Kama hakina tundu la kupokea kidhibiti kingine, pesa yako iache mfukoni. Kama kinalo, ulizia ni nani atakayekipanga programu, na kitufe cha kusimamisha kiwepo kabla pedi hazijafungwa. Na nasema tena: pekua kiti kwanza. Barabara zetu zina mashimo, kichwa kinarushwa, pedi inaguswa bila wewe kutaka. Mwendo uanze wa kobe.

Mama wa Morogoro, lala chini kabisa, umulike tochi chini ya kiti, unipigie picha ya vile viboksi na maandishi yake. Ile ya jana uliyonitumia imetoa gurudumu na mguu wa kuku.