Balbu iko juu, ngazi hakuna: kifaa cha fimbo na chupa

Swali: Shikamoo fundi. Tunapanga nyumba ya zamani hapa Jinja, zile zilizojengwa na Wahindi, na dari zake ziko juu mno. Balbu ya sebuleni ikiungua, mama yangu huweka kigoda juu ya meza akapanda. Ameshapita miaka 70. Ngazi hatuna, wala pa kuiweka hapana. Nilifunga chupa ya plastiki kwenye fimbo nikajaribu kutoa balbu, lakini chupa ilijikunja na balbu haikutoka. Holda imepigiliwa darini. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Kabla ya yote, nakuomba kigoda kisipandishwe tena mezani. Mtu wa umri wa mama akianguka kutoka pale anaweza kuvunjika nyonga, na balbu haina thamani hiyo. Wazo lako la chupa ni zuri, limekosa kitu kimoja tu.

Kwa kuwa chupa ilijikunja, karibu nina hakika balbu yenu ni ya pini, si ya skrubu. Ya skrubu hutoka kwa kuzungushwa tu. Ya pini imebanwa na springi ndani ya holda: lazima uisukume juu kwanza, uizungushe kidogo, haifiki hata robo ya mzunguko, ndipo iachie. Wewe ulisukuma kwa plastiki, na plastiki ya chupa haina nguvu hiyo. Basi tugawe kazi: mti usukume, chupa ishike na kuzungusha.

Tafuta mpini wa ufagio au fito ya mkaratusi iliyokauka vizuri. Bomba la chuma hapana, na mti mbichi hapana, kwa sababu vyote hupitisha umeme. Urefu upate hivi: pima kutoka sakafuni hadi kwenye balbu, toa kimo cha kifua chako. Balbu ikiwa mita 3.2 na kifua mita 1.2, fimbo ya mita 2 inatosha. Ikizidi sana itayumba na hutaweza kulenga.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ukate kitako. Balbu ya LED ya kawaida ina upana wa milimita 60 hivi, nayo huingia humo ikiwa na nafasi kidogo. Chonga ncha ya fimbo ipite kwenye shingo ya chupa na itokeze ndani, kisha ipigie skrubu mbili ndogo kupitia shingoni, maana hapo ndipo plastiki ni nene. Juu ya ncha funga kipande cha sifongo kwa tepu. Kichwa cha balbu kikae juu ya sifongo hilo, na ukingo wa chupa ulipokata kitako upite sehemu pana ya balbu kwa kama sentimita moja. Ukiona umezidi, punguza kwa mkasi.

Sasa pasua ukingo huo mara sita au nane, kila mpasuo sentimita 4, upate kama vidole. Kwa ndani gundisha vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, kwa nje zungushia pete ya tyubu hiyohiyo. Mpira wa ndani huzuia kuteleza. Pete huzuia balbu isidondoke ikishaachia.

Siku ya kazi, zima meni swichi. Swichi ya ukutani haitoshi, kwani mafundi wengine hukosea wakaifunga kwenye waya usio na moto, na holda ikabaki na umeme wa volti 240. Umeme ukiwa umekatika mtaani pia zima, maana hurudi bila hodi. Acha balbu ipoe, vaa miwani, kisha ivishe chupa, sukuma juu, zungusha kinyume cha saa ukitazama kutoka chini, shusha taratibu.

Kurudisha ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu pini huzioni. Bandika tepu kwenye fimbo, mahali mkono unaposhika. Balbu ya zamani ikishuka, angalia pini zake zimeelekeaje ukilinganisha na tepu, na tepu inatazama wapi, tuseme dirishani. Balbu mpya iweke pini zake vilevile, tepu itazame dirishani tena, uguse holda kwa upole hadi uhisi pini zimezama. Hapo sukuma, zungusha kwa mwendo wa saa mpaka ikwame, legeza mkono. Fanyeni mazoezi kwanza kwenye holda ya chini, kama mnayo barazani.

Vyumba vingine, kama taa inaning'inia kwa waya, kifaa hiki hakifai kwa balbu ya pini: ukisukuma, waya unajikunja na hakuna kinachokuzuilia. Hapo mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, aurefushe waya, taa ishuke hadi mkono uifikie. Mwite pia balbu ikipasuka na kitako chake kubaki ndani ya holda. Na zile taa nyeupe za mirija iliyojisokota zina zebaki ndani na kioo chake ni chepesi, kwa hiyo msizibane kwa chupa hii. Mkinunua mpya nunueni LED za pini, ambazo hudumu zaidi na zitampunguzia mama haja ya kubadilisha.