Usimnyamazishe mdogo wako siku ya Idi

Kaka wa Tanga, usithubutu! Umesema mdogo wako karudi kutoka chuo anadai Mungu hayupo, nawe unataka kumziba mdomo mbele ya wazee siku ya Idi. Na hoja uliyoichagua ni ileile: "Ukiamini na ikawa hayupo, hujapoteza kitu, usipoamini na ikawa yupo, umekwisha." Naijua vizuri. Imenitenga na mpwa wangu.

Hapa Bagamoyo tulizoea kukaa barazani baada ya Isha, kahawa na kashata. Kijana akaniuliza kwa adabu zote: "Mjomba, wewe unajuaje kwamba yupo?" Nikamtupia hoja hiyo, wazee wakacheka, wakanisifu. Yeye akaweka kikombe chini, akasema: "Kwa hiyo hujui. Unajikinga tu." Akaendelea: nijikinge kwa Mungu wa nani, maana misheni ya Wakatoliki ipo hapa tangu 1868, misikiti ilikuwepo kabla yake, na kila upande unasema mwenzake kapotea?

Nikakosa la kusema, nikaruka kwenye faida. Bila dini watu wangekulana! Nikamtajia Sheikh Ramiya, aliyefika mji huu akiwa mtumwa akaja kuwa kiongozi wa Kadiria, tarika ya Kisufi, anayeheshimiwa na wakubwa kwa wadogo. Nikawataja hata mapadre waliowakomboa watumwa. Kijana akajibu taratibu: "Na waliokuwa wakiwauza, mjomba, hawakuwa wakiswali?" Baraza zima kimya. Nikamwita kafiri mbele za watu. Tangu hapo hakanyagi kwangu, na salamu zake nazipata kwa dada yangu.

Hoja ile nilinunua kwenye kanda za mhadhiri mmoja, na bado nina hasira naye. Alitufundisha kushinda mabishano, basi. Hakutuambia kwamba imetoka kwa Mfaransa Blaise Pascal, mwanahisabati aliyefariki 1662, wala kwamba Pascal mwenyewe alikubali kuwa akili peke yake haiwezi kulikata shauri hili. Yaani mwenye hoja hakuidai kuwa ushahidi, mhadhiri wetu akaiuza kama ushahidi!

Shika hili hata ukisahau mengine yote: kama Mungu yupo ni swali moja, kama dini ina faida ni swali jingine, na ukiulizwa la kwanza usijibu la pili. Ukikimbilia faida, kijana anasikia kwamba hata wewe huna hakika kama ni kweli, ila unaona inasaidia kutuliza watu. Naye umbane kwa kanuni hiyohiyo. Akikuletea vita vya dini na viongozi walaghai, mwambie hayo ni ya swali la pili. Muumini kuwa mwovu hakuthibitishi kwamba Mungu hayupo.

Mimi naamini na naswali, na swali la kwanza halinitishi tena. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alisema kila chenye mwanzo kina aliyekisababisha, na ulimwengu una mwanzo. Mwanafalsafa Ibn Sina kabla yake alipita njia nyingine: vitu ambavyo vingeweza kutokuwepo vinamhitaji Yule ambaye ni lazima awepo, hata kama ulimwengu haukuanza siku yoyote. Ibn Rushd, mwanafalsafa mwingine wa Kiislamu, akaja kumpinga Ghazali kwa kitabu kizima. Karne ya 18 mwanafalsafa David Hume wa Uskoti akahoji kama tunayoyajua kuhusu vitu vilivyomo ulimwenguni yanaweza kutumika kwa ulimwengu wenyewe. Hao ndio watu wa kubishana nao, na mdogo wako ana haki ya kuwasikia wote, wa upande wako na wa upande wake.

Kwa hiyo Idi ipite, mle pilau kwa amani. Siku nyingine mchukue mkae wawili tu, umuulize ni swali lipi kati ya hayo linalomsumbua, umwache amalize bila kumkatiza. Likiwa la kwanza na huna jibu, mwambie huna, kisha mkalitafute pamoja.