Chupa ya Marehemu Baba Ina Miaka Mingapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwaka 2003 kaka yangu alirudi kutoka masomoni Dundee, Uskoti, akamletea baba wiski ya Edradour, lebo imeandikwa miaka 10. Baba hakuifungua. Aliilaza kabatini chini ya mashuka mpaka alipofariki mwaka jana. Kaka anadai sasa imepita miaka 30, tuiuze kwa bei ya wiski ya umri huo. Mimi nataka tuinywe siku ya kumbukumbu yake. Nani mkweli? – Binti wa Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Kaka yako ni msomi, lakini hapo kapotea. Wiski huzeeka ndani ya pipa la mwaloni tu. Ikishatiwa kwenye chupa, umri umesimama. Ya baba ni ya miaka 10, na itabaki hivyo hata wajukuu zenu wakiikuta.

Edradour, kiwanda kidogo cha wiski huko Uskoti, naijua kwa miguu. Nilisimama kaunta ya hoteli moja pale Pitlochry, mji ulio jirani nacho, miaka sita, na siku za mapumziko nilipanda kilima kwenda kuchungulia: vijumba vyeupe vyenye milango myekundu, kijito kinapita katikati, ungedhani umeingia uani kwa mfugaji. Ghalani hewa yenyewe inanukia zabibu kavu, maana mapipa yanapumua. Kila mwaka kama asilimia 2 hupotea hewani, na Waskoti huliita fungu la malaika. Pipa likikaa miaka 30, karibu nusu imeshakwenda. Ndiyo maana bei ya wiski hiyo inatisha. Chupa ya baba malaika hawajaionja. Wapo wakusanyaji wanaonunua chupa za zamani, ila wanalipia uadimu, na kwanza watakagua kizibo.

Na kizibo ndicho kinachonitia wasiwasi. Umesema aliilaza! Mvinyo hulazwa, wiski husimamishwa, kwa sababu kileo cha asilimia 40 na zaidi kinakula kizibo. Mimi mwenyewe niliwahi kuilaza chupa nyumbani. Siku ya wageni kizibo kikakatika, nusu ikabaki shingoni, na wote wanajua kazi yangu ni kaunta.

Isimamishe leo hii. Siku ya kufungua, ipindue mara moja kizibo kilowane, kisha kishike kizibo, uzungushe chupa, uvute taratibu. Kikivunjika, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Moshi hamuwezi kukosa. Barafu na soda wekeni mbali. Matone mawili matatu ya maji yanatosha kuiamsha harufu.

Ikibaki nusu, ihamishie kwenye chupa ndogo, hewa isije ikaichosha. Ila kwa wingi wa wakwe ninaowafahamu huko kwenu, sidhani kama itabaki.