Mkanda wa shotigani ya pampu: mbele unafungwa wapi

Funga kwenye kifuniko cha bomba la risasi lililo chini ya mtutu. Usifunge kabisa kwenye mpini wa mbele, kwa kuwa ndio unaovutwa kupakia, na bunduki ikining'inia begani mkanda utausogeza wenyewe. Kwa Remington 870, aina moja ya shotigani ya pampu, vinauzwa vifuniko vyenye kishikizo cha mkanda tayari, unatoa cha zamani unaweka hicho. Kwanza hakikisha chemba na bomba havina risasi, kisha ukaze sawasawa, maana kifuniko hicho ndicho kinachoshikilia mtutu.

Nyuma ni skrubu ya kishikizo chini ya kitako, sentimita 6 hivi kutoka ncha yake ya nyuma. Mbao toboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, na paka sabuni kwenye meno yake, la sivyo itapasuka. Nimeshaona vitako vizuri vikiharibika hivyo. Kitako cha plastiki kichunguze kwanza, vingi vina uwazi ndani na skrubu ya mbao haishiki.

Upana wa kawaida ni milimita 25 au 32, na pete zinazounganisha mkanda na vishikizo zilingane nao. Mimi napendelea ngozi, haitelezi begani kama nailoni. Kwa kuwinda kanga chukua pete za kufungua haraka, mkanda unaobembea hunasa vichakani.

Kama ni ya mitutu miwili, kishikizo cha mbele kinaunganishwa na fundi bunduki. Mtutu usitoboe.