Bustani ya Kijapani nyuma ya nyumba: mawe kwanza, changarawe baadaye

SWALI: Nina eneo la mita 6 kwa 4 nyuma ya nyumba, upande mrefu ukiwa chini ya dirisha la sebule. Udongo ni wa mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanatuama, na paa nalo linamwaga hapo hapo. Nataka bustani ya Kijapani yenye kidimbwi cha samaki, daraja jekundu, taa ya mawe na changarawe nyeupe. Mawe ninayo 12, yote karibu ya ukubwa mmoja, kimo cha sentimita 60 hivi. Nianzie wapi, na ninunue changarawe kiasi gani?

JIBU: Anza kwa kupunguza. Samaki aina ya koi wanahitaji kina cha mita moja au zaidi. Kidimbwi kifupi kuliko hicho hupata joto haraka na maji yake huwa ya kijani. Bila kidimbwi, daraja halina cha kuvuka. Eneo lako linafaa zaidi bustani kavu, ile Wajapani wanayoiita karesansui, ambamo changarawe iliyopigwa mistari kwa reki ndiyo inayosimama badala ya maji.

Mawe 12 nayo ni mengi mno. Bustani ya hekalu la Ryoan-ji, Kyoto, ina mawe 15 katika makundi matano, lakini uwanja wake ni wa mita 25 kwa 10 hivi, na ukikaa barazani huwezi kuyaona yote kwa pamoja, popote utakapokaa. Ukipanga 12 katika mita za mraba 24 utapata duka la mawe. Chukua matano, au saba ikiwa huna budi.

Kabla ya jembe, weka kiti sebuleni mahali unapokaa kila siku. Bustani hii inatazamwa, haikanyagwi, kwa hiyo kila uamuzi unafanyika kutoka kwenye kiti hicho. Jaza magunia majani makavu yawe na ukubwa wa mawe, yapange nje, rudi ukae. Gunia unalisogeza kwa mguu. Jiwe la kilo 200 ukishalizika hulisogezi tena kwa furaha.

Sasa maji, maana hapa ndipo bustani nyingi za udongo wa mfinyanzi zinapokufa. Matone ya paa yakianguka juu ya changarawe huchimba mfereji na kurusha tope. Chini ya ukingo wa paa tengeneza mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina cha 20, uujaze mawe ya mviringo ya sentimita 3 hadi 6. Nyumba za Kijapani zisizo na mifereji ya paa hufanya hivyo hivyo, na ule mstari wa mawe unakuwa sehemu ya mandhari. Kama paa lako ni kubwa, funga mfereji wa paa na uyapeleke maji kwingine kabisa.

Ukiacha kona moja ya mimea, chimba eneo lililobaki kina cha sentimita 14 upande wa nyumba, sakafu ya shimo ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea upande wa pili. Huko mwisho laza bomba lenye matundu, kipenyo cha sentimita 10, lililozungushiwa kitambaa cha kuchuja na kuzikwa ndani ya kokoto, likiteremka sentimita 1 kwa mita mpaka mahali maji yanapotokea. Bomba lisilo na pa kutokea ni tangi tu. Uso wa changarawe wenyewe uteremke sentimita 1 kwa mita, jicho halitaona. Tofauti hiyo inafidiwa na kokoto za chini.

Mawe yanawekwa sasa, kabla ya kokoto. Sakuteiki, mwongozo wa Kijapani wa kutengeneza bustani ulioandikwa karne ya 11, unaelekeza uweke kwanza jiwe kuu, halafu mengine yafuate linachoomba. Kwa vitendo ni hivi: chagua jiwe lenye uso mzuri zaidi, lisimamishe kiasi cha theluthi moja ya urefu wa eneo, kamwe si katikati, kisha tazama limeegemea wapi. Jiwe la pili lipokee mwegemeo huo. La tatu liwe chini kabisa. Vituo vyao vitatu vichore pembetatu yenye pande zisizolingana. Kama mawe yako yana matabaka, mistari ya matabaka yote ielekee upande mmoja, na jiwe lililokuwa limelala porini lisisimamishwe.

Hapa ndipo ukubwa mmoja wa mawe yako unapotatuliwa. Tofauti unaitengeneza kwa kuzika: moja libaki juu sentimita 40, jingine 25, la tatu 10 tu. Kima cha chini ni kuzika theluthi moja, lakini kipimo ninachokiamini ni kingine. Chuchumaa, tazama mahali jiwe linapokutana na ardhi. Pande zake zikiwa bado zinapanuka kuelekea chini, linaonekana kama ncha ya mwamba mkubwa. Zikianza kuingia ndani, umeonyesha tumbo la jiwe, na litaonekana limedondoshwa jana kutoka kwenye lori. Zika zaidi, au ligeuze.

Shimo liwe pana kuliko jiwe kwa sentimita 10 kila upande. Livingirishe jiwe juu ya mbao kwa mtaimbo, watu wawili au watatu, viatu vigumu, na mtu asiweke mkono chini yake. Likishakaa sawa, pakia vipande vya mawe kuzunguka kitako chake na ushindilie kwa mpini wa sepetu, tabaka kwa tabaka. Panda juu yake. Likitikisika, rudia. Usitumie saruji: utataka kulizungusha kidogo baada ya wiki, na kila mtu hutaka.

Baada ya mawe, tandika kitambaa cha kutenganisha udongo juu ya mfinyanzi, vipande vipishane sentimita 20, ukikate kufuata umbo la kila jiwe. Usiweke nailoni, maji hayatapita. Juu yake mwaga kokoto zilizochanganyika na vumbi lake, milimita 0 hadi 20, shindilia zibaki unene wa sentimita 8 upande wa nyumba na kama 12 upande wa bomba. Watu wengi huweka kitambaa kingine juu ya kokoto. Mimi nakipinga: reki hukinasa na kukivuta juu, na magugu ya bustani kavu hasa hutokana na mbegu zinazoangukia juu. Zungusha ukingo wa mawe membamba au matofali, uinuke sentimita 3 juu ya changarawe.

Kiasi: ukitoa mtaro wa paa (mita za mraba 2.4) na kona ya mimea (5.6), unabaki na 16. Changarawe ya unene wa sentimita 6 ni mita za ujazo 0.96, ongeza asilimia 10 ya kuzama, agiza 1.1, ambayo ni tani 1.7 hivi. Kokoto za chini ni mita za ujazo 1.6 zikishashindiliwa, kwa hiyo agiza 2.

Aina ya changarawe ndiyo inayoamua kama mistari itakaa. Nunua iliyosagwa, yenye kona, punje za milimita 5 hadi 9, iliyooshwa. Zile za mviringo za mtoni hubingirika na mstari hubomoka kabla hujaweka reki chini. Nyeupe tupu nakushauri uiache: jua likipiga inaumiza macho, na ukijani wa unyevu unaonekana juu yake mapema. Changarawe ya Shirakawa ya Kyoto, ambayo kila mtu anaikumbuka kuwa nyeupe, ni graniti yenye chembe nyeupe, kijivu na nyeusi pamoja. Tafuta kijivu cheupe.

Reki ya chuma ya bustani ina meno membamba mno. Chukua ubao wa sentimita 45, unene wa 2, ukate meno ya pembetatu yenye kina cha sentimita 4, nafasi ya 6 kutoka ncha hadi ncha, kisha upigilie mpini. Piga kwanza duara mbili au tatu kuzunguka kila kundi la mawe, halafu mistari iliyonyooka, ukirudi nyuma ili nyayo zako zifutike. Meno yazame sentimita 3, si zaidi, yasiguse kokoto.

Mimea iwe michache. Usitafute mti wa maple wa Kijapani kama hali ya hewa yako ni ya joto kali. Majani yake yataungua kingo. Chagua kichaka cha majani madogo yasiyopukutika, kinachovumilia kukatwa kiwe kama kilima, na uvipande vitatu vya ukubwa tofauti. Kuvumwani, ule ukijani laini wa kwenye mawe yenye unyevu, unataka kivuli na unyevu wa kudumu. Usipokuwa navyo, tumia mmea mfupi unaofanana na nyasi, Ophiopogon japonicus, kila mche sentimita 10 kutoka mwenzake, yaani miche 100 kwa mita ya mraba. Mianzi iwe ile inayokaa pamoja kama kichaka kimoja. Inayotambaa inahitaji kizuizi cha plastiki ngumu chenye kina cha sentimita 60, la sivyo itatokea katikati ya changarawe.

Taa ya mawe, kama bado unaitaka, iwe moja, isizidi sentimita 90, ijifiche nusu nyuma ya kichaka kwenye kona ya mimea. Katika bustani za Kijapani za nyumba za sherehe ya chai, kazi yake ni kumulika njia au beseni la kunawia. Ukiisimamisha katikati ya changarawe itayafunika mawe yote uliyoyahangaikia. Na ukuta wa nyuma, ukiwa umepakwa rangi nyeupe, upake ya udongo au kijivu kabla ya kupanda chochote, kwa sababu baada ya hapo hutakuwa na pa kuweka ngazi.