Kitalu kizima, na wenye nyumba wabaki ndani

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama eneo la uendelezaji upya katikati ya jiji la Dar es Salaam lipanuliwe, livuke Kariakoo na kuingia Ilala na Magomeni, ili nyumba za zamani zipishe ghorofa. Najibu nikiwa mjukuu wa nyumba iliyokwisha kupisha. Tena nyumba ninayoishi sasa, Magomeni, madalali hawaishi kuibishia hodi. Jibu langu ni ndiyo, lipanuliwe, lakini tusilipanue pamoja na kosa tulilolifanya Kariakoo.

Nyumba ya babu ilikuwa Mtaa wa Narung'ombe. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa: vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele, uwani nyuma na mabanda ya jiko, choo na bafu. Vyumba viwili tulikaa sisi, na vinne walikaa wapangaji, mmoja wao fundi cherehani aliyeweka mashine yake barazani tangu kabla sijazaliwa. Kiwanja hakikuwa kikubwa. Ukisimama mlango wa mbele ukamwita mtu aliye uwani, huna haja ya kupaza sauti.

Babu alifariki mwaka 1994 akaacha watoto saba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kariakoo ikapata mpango wa uendelezaji upya ulioruhusu nyumba za chini kugeuzwa ghorofa za biashara na makazi, na bei ya kiwanja ikapaa. Wanunuzi walianza kuja, kila mmoja na bei yake. Mwaka 2006 wazee wetu waliuza. Fedha ilionekana nyingi siku ilipowekwa mezani, lakini ilipogawanywa mafungu saba, kisha kila fungu likagawanywa kwa watoto wa waliotangulia mbele ya haki, ikatosha kununua viwanja Chanika, Kivule na Mbagala, na kwa wengine haikutosha hata hicho. Leo pale pana jengo la ghorofa nane, fremu za maduka chini, stoo katikati, vyumba juu. Binamu yangu anapanga viatu juu ya meza mbele ya jengo hilo hilo. Anakuja na daladala kutoka Chanika kabla ya wimbi la kwanza la wateja wa mikoani, na kuna siku mlinzi humwambia asogee.

Simlaumu aliyenunua, maana alilipa bei waliyokubaliana. Ninachouliza ni kwa nini mpango wenyewe haukuwa na njia nyingine ya kumwonyesha mzee mwenye kiwanja kidogo na warithi wengi. Alikuwa na milango miwili tu: auze aondoke, au akae atazame kuta zikimzunguka.

Jirani yetu mmoja alikataa kuuza. Kushoto kwake pakajengwa, kulia pakajengwa, na madirisha yake yote mawili ya pembeni yakatazama zege umbali wa mkono. Taa iliwashwa ndani saa sita mchana. Mvua ikinyesha, chemba ya nje ilifumuka na majitaka yakaingia barazani, kwa sababu bomba lililotegemewa na familia tatu au nne sasa lilibeba ghorofa nzima. Alivumilia miaka kadhaa, kisha naye akauza.

Hilo ndilo kosa ninalolisema. Kariakoo iliendelezwa kiwanja kwa kiwanja. Kila aliyenunua alitaka kila futi ya ardhi yake izae, basi akajenga kutoka mpaka hadi mpaka. Viwanja vile vilipimwa kwa ajili ya nyumba za chini, katika mtaa ambao hata jina lake limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukisimamisha ghorofa kumi juu ya kiwanja cha namna hiyo hupati nafasi ya gari kugeuza, ya mti, ya gari la zimamoto, wala ya mtoto kucheza. Soko kuu lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lilipoungua Julai 10, 2021, sisi tuliokulia pale hatukushangaa kuona msongamano wa watu na magari ukiwa mkubwa kiasi kile kulizunguka.

Tena yapo majengo yaliyoanguka. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, wakafa watu wasiopungua 29, wengi wao wakiwa wamekwenda tu kazini au dukani asubuhi ya Jumamosi. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, na ilistahili kuundwa. Lakini ukaguzi huja jengo likiwa limekwisha simama. Mimi nazungumzia kabla ya msingi kuchimbwa.

Nasema lipanuliwe kwa sababu jiji haliwezi kuendelea kutambaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, milioni moja zaidi ya sensa ya 2012, na wengi wa walioongezeka wako pembezoni, mahali ambapo mtu huamka saa kumi alfajiri ili afike mjini saa mbili. Magomeni iko dakika chache kutoka Posta kwa mabasi ya mwendokasi, ambayo yamepita hapa tangu 2016. Ardhi iliyo karibu kiasi hiki na kazi, hospitali na soko, ikibaki na nyumba ya vyumba sita yenye bati lililooza, inawanyima nafasi watu wengi. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba ninayokaa, analisema hili mwenyewe. Anachogoma ni kuhamishiwa mahali ambapo hamjui mtu.

Basi ifanyikeje? Tusipime kwa kiwanja, tupime kwa kitalu. Chukua nyumba kumi zinazopakana, zenye uchochoro mmoja nyuma. Kila kiwanja tuseme kina mita za mraba 240. Kumi pamoja ni mita za mraba 2,400, na hapo mchoraji ana kitu cha kuchora: jengo moja au mawili yaliyopumua, ua wa ndani, njia ya zimamoto, mfumo mmoja wa majitaka wenye ukubwa unaostahili, maegesho, fremu zinazotazama barabara. Wenye viwanja wanaingia na ardhi, mwekezaji anaingia na fedha, kila upande unachukua sehemu yake ya jengo. Sheria ya kumwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe tunayo tangu 2008. Familia yenye warithi saba inaweza kupata, kwa mfano, nyumba mbili za kuishi na fremu moja, fremu ikapangishwa na kodi ikagawanywa kila mwezi. Hilo lingemfaa binamu yangu kuliko fungu lake la mwaka 2006.

Watu huniambia, mbona Magomeni Kota imewezekana? Imewezekana, na ninaipita karibu kila siku. Kaya 644 ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba za kikoloni zikabomolewa, eneo likakaa tupu miaka, hadi Serikali Kuu ilipoingia na Wakala wa Majengo ukajenga nyumba 644 kwa ajili ya kaya zile zile. Rais Samia alizizindua Machi 2022. Nafurahi kwa kila mzee aliyerudi. Lakini pale mwenye ardhi alikuwa mmoja, mamlaka ya umma, na wakazi walikuwa wapangaji wake. Katikati ya mji vilevile, Uhindini, majengo mengi yaliyotaifishwa mwaka 1971 yako mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa, mwenye nyumba mmoja anayeweza kukaa meza moja na mbia. Huku kwetu wenye nyumba ni mamia, na nyuma ya kila jina kwenye hati kuna warithi ambao wengine wako Muscat, wengine Tabora, wengine hawajasemezana tangu arobaini ya marehemu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpango wowote wa upanuzi ni mirathi. Nalisema kwa uzito wote. Kabla ya mchoro, kabla ya mwekezaji, halmashauri ilete wanasheria wakae ofisi ya serikali ya mtaa miezi sita, wasaidie kila nyumba kupata msimamizi wa mirathi na kusafisha jina kwenye hati. Familia isiyo na msimamizi haiwezi kuingia ubia wowote, inaweza tu kurubuniwa. Dalali anafahamu hilo. Huanza na mrithi mwenye dhiki kuliko wote, humpa kishika uchumba, kisha nyumba nzima huingia kwenye ugomvi mpaka wote wachoke.

Na wapangaji? Nimesubiri niwaseme mahali hapa kwa sababu ndio hukumbukwa mwisho. Serikali inapotwaa ardhi, kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na nyumba, posho ya usumbufu, ya usafiri, kodi ya nyumba ya miezi 36 na faida ya biashara iliyopotea kwa miezi 36. Ni kanuni nzuri kwenye karatasi, lakini imejengwa juu ya mwenye mali. Na nyumba ikiuzwa kwa mtu binafsi, kanuni hiyo haigusi kabisa. Yule fundi cherehani wa baraza letu alipewa mwezi mmoja, akabeba mashine kichwani. Nyumba ya shangazi ina wapangaji wanne, mmoja muuguzi, mmoja mama lishe, na vijana wawili wa bodaboda. Kitalu kikijengwa upya, kila mpangaji aliyehesabiwa siku ya kwanza apewe haki ya kurudi na kupanga kabla ya mgeni, na baadhi ya nyumba ziwe za chumba kimoja zenye kodi wanayoiweza. Hilo liandikwe kwenye kibali cha ujenzi, kwa sababu ahadi ya mdomo hubebwa na mtu aliyeitoa akihamishwa kituo.

Ninajua mtauliza fedha za mabomba na barabara zitatoka wapi. Huko Marekani miji mingi hutangaza eneo la uendelezaji, kisha kodi ya majengo inayoongezeka baada ya hapo hutengwa kulipia maboresho ya eneo hilo hilo. California ndiko utaratibu huo ulikoanzia, mwaka 1952, na ndiko pia zilikofutwa mamlaka takriban 400 za namna hiyo mwaka 2012, baada ya malalamiko kwamba kodi iliyotengwa ilipunguza fungu la shule na huduma nyingine. Watu wanaotaka tuuige waangalie kwanza kodi yetu. Tangu Agosti 2021 tunailipa kupitia LUKU, yaani tunaponunua umeme, na tangu 2023 ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh7,500 kwa kila ghorofa mjini. Jengo la ghorofa kumi kwa hesabu hiyo ni Sh75,000 kwa mwezi, wakati fremu moja ya chini Kariakoo hupangishwa kwa mamilioni. Kodi isiyopanda pamoja na thamani ya jengo haiwezi kulipia bomba la majitaka la kitalu kizima. Ama kodi hiyo ifuate thamani kwenye majengo makubwa ya biashara ndani ya eneo la mpango, ama mwekezaji alipie mabomba kabla hajapewa kibali cha ghorofa ya tatu. Mimi napendelea vyote viwili, na nyumba ya kawaida iachwe na Sh1,500 yake.

Sisi hapa mtaani hatujasubiri. Mwezi uliopita shangazi aliita wenye nyumba tisa za kitalu chetu uwani kwake, wakaja saba. Tulikunywa chai, tukaandika majina. Katika nyumba kumi, ikiwamo yake, sita zina hati, tatu zina leseni ya makazi, moja ina karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe wa nyumba kumi miaka ya themanini. Nyumba nne hazina msimamizi wa mirathi. Mmoja wa waliokuja alisema anaogopa kwamba tukijipanga, mwekezaji atakwenda kitalu cha pili ambako watu hawajajipanga. Alikuwa na haki ya kuogopa, na hofu hiyo itakwisha siku kanuni ya kitalu itakapokuwa ya eneo lote, kila mtaa, pasipo hiari.

Shangazi ana miaka 74. Mkutano ulipomalizika alimuuliza kila mmoja, kwa zamu, swali moja: kama jengo likisimama, unataka ghorofa ya ngapi? Yeye alijibu ya kwanza, upande wa uchochoroni, asikie watu wakipita. Jumatatu anakwenda mahakama ya mwanzo na kaka yake kufungua mirathi ya mama yao.